Peni za Bei Chee Katika Wodi ya Watoto

Huu ni mwezi wa tatu tangu nivue sare nyeupe, na bado nikivaa gauni la kawaida mkono wangu unakwenda kifuani kutafuta mfuko ambao haupo. Siku ya kuniaga, wauguzi vijana wa wodi ya watoto waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani walitarajia niandike kuhusu wito na uvumilivu. Hayo mtaambiwa na wageni rasmi kila mwaka, mkiwa mmesimama juani. Mimi nitaandika kuhusu peni, kwa sababu niliishika mara nyingi kuliko nilivyoshika sindano, na kwa sababu kwa miaka kadhaa nilizidharau peni za bei chee na nilikuwa nimekosea.

Mimi ni mtu wa Usagara, pale njia panda. Nilipopangiwa hospitali ya mjini Mwanza nilikuja na sanduku la bati, viatu vyeupe vya kuazima na woga mwingi. Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista Koku, mkuu wa wodi, mama wa Bukoba aliyekuwa mrefu na mtulivu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hakuwa na haja. Akikuangalia tu, ulianza kukumbuka makosa yako yote ya wiki.

Sista Koku alikuwa na kalamu ya wino, ile ya kujaza kutoka kwenye kichupa, na aliitunza kuliko watu wengine wanavyotunza meno. Maandishi yake yalikuwa yamelala upande mmoja, yote kwa kimo kimoja, hata jina la dawa ya minyoo lilipendeza kulisoma. Aliniweka kando yake siku nzima nikimwangalia anavyoandika chati. Jioni akaniuliza, "Kabula, yule wa kitanda cha nne umempa dawa?"

Nikasema nimempa.

"Mbona hukuandika?"

Nikasema nilisahau, lakini nimempa kweli.

"Basi hukumpa," akasema. "Na hapo mwisho weka herufi za jina lako. Dawa isiyo na sahihi ni dawa ya nani?"

Hilo lilinikaa, nami nikaja kulirudia kwa wengine mpaka wakachoka kulisikia.

Wakati huo peni zilikuwa adimu kama sabuni. Wodi nzima ilikuwa na peni moja ya bluu kwa ripoti ya mchana na moja nyekundu kwa ripoti ya usiku, zote zimefungwa mezani kwa kipande cha bandeji ili zisitembee. Sisi wauguzi wenye vyeti tuliandika. Wauguzi wasaidizi hawakuandika. Wao walikuja mezani na kusema kwa mdomo, "Wa kitanda cha sita amekunywa uji, wa nane ametapika, wa kumi na moja amepata choo," na sisi tukachagua cha kuandika. Niliona huo ni utaratibu mzuri. Kumbe ilikuwa ni uhaba tu uliovaa koti la utaratibu.

Kisha biashara ikafunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka soko la Makoroboi lilivyobadilika. Vitu tulivyokuwa tunavipanga foleni au kuviota vikaanza kumwagwa chini kwenye maturubai. Sabuni za kila harufu, betri, vioo, na peni. Peni zilikuja kwa mafungu, zimebanwa kwa mpira, zenye majina ambayo hata muuzaji hakuweza kuyatamka. Wamachinga walizitembeza mpaka getini kwa hospitali wakizichora kiganjani kuonyesha kwamba zinaandika. Katika muda mfupi kila muuguzi, kila mhudumu, hata mama wa jikoni, alikuwa na peni yake kifuani.

Ubaya wake niutaje kwanza, maana nimeishi nao. Zilikuwa zinavuja. Mwanza ikipata lile joto la kabla ya mvua, wino unalainika na kushuka wenyewe, na ukirudi nyumbani unakuta mfuko wa sare una doa la bluu lenye ukubwa wa chapati. Nilikuwa naishi Pasiansi, na nilishafua doa la peni kwa maziwa mgando, kwa ndimu, na kwa hasira. Hasira haikusaidia. Kilichosaidia ni spiriti ya hospitali, ambayo kwa kweli haikuwa yangu kuipeleka nyumbani, na sasa kwa kuwa nimestaafu naweza kusema.

Tena zilikuwa zinagoma. Chati inaning'inia mwisho wa kitanda, wewe umeiegemeza ukutani unaandika peni ikiwa imeelekea juu, na katikati ya namba ya joto wino unakata. Thelathini na tisa inabaki thelathini na kitu. Unaitikisa, unaipulizia pumzi, unaisugua katikati ya viganja ipate moto, halafu inatoa tone zito linalofunika namba iliyotangulia. Nyingine kile kipira cha mbele kilichomoka chenyewe na peni ikabaki kuwa mrija wa plastiki. Vifuniko vilipotea siku hiyohiyo, na tulikuwa wodi ya watoto, kwa hiyo kifuniko kilichopotea hatukukichukulia kwa utani. Tulikitafuta chini ya vitanda kwa magoti.

Sista Koku hakuzigusa. Alistaafu akiwa na kalamu yake ileile, akaniachia wodi, na bila kusema akaniachia dharau yake pia. Mimi nikaifanya kubwa zaidi. Nilikuwa nikisoma ripoti iliyoandikwa kwa peni mbovu, yenye herufi zilizokatika na matone, na moyoni nahesabu kwamba aliyeandika ni mzembe. Sikufikiria kwamba labda ameandika akiwa ameshika mtoto kwa mkono wa pili.

Miongoni mwa wauguzi wasaidizi niliowapata alikuwemo Nyamizi, binti wa Igoma, mfupi, mchangamfu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka wodi ya wazazi. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi. Mtoto aliyekataa sindano kwa wote, kwake alinyamaza. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonikera: aliandika mkononi. Peni zile zilipogoma watu walizikwaruza kiganjani mpaka wino utoke, na kutoka hapo wengine wakaona kiganja ni karatasi. Nyamizi ndiye aliyezidi. Akipita vitandani kupima joto, alirudi mezani kiganja chake kimejaa namba kama ubao wa shule.

Siku moja daktari alikuwa anapita na wanafunzi wake, akauliza mapigo ya mtoto fulani, na Nyamizi akafungua kiganja akasoma. Wanafunzi wakacheka. Mimi nikaona aibu, nikaona wodi ya Sista Koku imefanywa kijiwe. Nikamwita mbele yao wote, nikachukua pamba na spiriti, nikamshika mkono na kumfuta mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Mwili wa mtu si daftari," nikamwambia. "Ukitaka kuandika, chati ile pale."

"Nimekosa, sista," akasema. Hakucheka tena siku hiyo, na mimi nilijiona nimefundisha.

Nilikuwa mkali hivyo, na siwafichi. Hata hivyo macho yangu hayakuwa yamefumbwa kabisa. Niliona kwamba fomu za rufaa, zile za nakala tatu zenye karatasi ya kaboni katikati, zilihitaji peni ya kubonyeza. Kalamu ya wino ingepita juu tu na nakala ya tatu ingebaki tupu. Niliona pia kwamba maji ya kunywa ya watoto wa kuhara yakimwagikia chati, maandishi ya peni yanabaki, ya kalamu ya wino yanakimbia. Na niliona jambo kubwa kuliko hayo, ingawa nilichelewa kulitambua: wauguzi wasaidizi walianza kuandika. Mwanzoni pembeni ya karatasi, kwa woga, kisha ndani ya mistari. Vitu ambavyo zamani vilisemwa mezani na kupotea, sasa vilikuwepo. Mtoto wa kitanda cha nane alitapika mara ngapi? Ilikuwa imeandikwa, na aliyeandika ni yule aliyeshika beseni.

Nyamizi alihamishiwa zahanati ya kisiwani, mbali kidogo, safari ya saa kadhaa kwa boti la injini. Hakuhamishwa kwa sababu ya kiganja. Visiwa vilikuwa vinahitaji watu na yeye alikubali. Kule mganga wa zahanati alikuwa mzee wa mtindo wa Sista Koku, mwenye kalamu ya wino na maandishi ya kupendeza. Barua zake za rufaa nilizipenda. Kisiwani hapakuwa na simu, kwa hiyo barua ile ndiyo iliyokuwa kila kitu: imeeleza mtoto amepata nini, amepewa nini na saa ngapi. Sisi tulianzia pale ilipoishia.

Asubuhi moja, kama saa tano, aliingia kijana mvuvi kutoka kisiwa kile, amelowa mpaka kifuani, amembeba mtoto wa kiume aliyefungwa kwenye blanketi. Mtoto alikuwa wa miaka mitatu hivi, anaitwa Magesa, mwili unawaka moto, macho yamegeuka juu, hajitambui.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mtoto ni wako?"

"Wa kaka yangu. Mama yake amejifungua juzi, hawezi kusafiri. Nimepigwa na mawimbi njiani, sista. Barua hii hapa."

Akaitoa mfuko wa shati. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa chapachapa, na nilipoikunjua nikaona bluu tupu. Ule mwandiko mzuri ulikuwa umekimbia wote. Nikaiinua dirishani, nikaigeuza, nikaona pengine herufi ya M, pengine si M. Basi.

Daktari wa zamu alikuja haraka. Akampima, damu ikaangaliwa, ilikuwa malaria kali imepanda kichwani. Akamuuliza yule kijana, "Kapewa dawa gani huko?"

"Mimi sikuwepo, daktari. Nilikuwa kambini ng'ambo. Walinifuata kwa sababu nina injini. Nilipofika zahanati nikapewa mtoto na barua, nikaambiwa wahi."

"Sindano amechomwa?"

"Siwezi kusema uongo. Sikuona."

Kwa ninyi mnaotumia dawa za siku hizi, nieleze. Malaria kali tulitibu kwa kwinini. Dozi ya kuanzia ilikuwa mara mbili ya zile zinazofuata, ili dawa ipande upesi kwenye damu. Mtoto ambaye hajapewa asipoipata hiyo dozi kubwa, malaria inammaliza. Mtoto ambaye ameshapewa ukimrudishia tena, kwinini inamshusha sukari na inaweza kusimamisha moyo. Barua ndiyo ingetuambia tuko upande gani. Sasa barua imekuwa maji ya bluu, na mtoto anahema kwa shida mbele yetu.

Daktari alifikiri kidogo, akasema, "Hatuna ushahidi kwamba amepata. Siwezi kumwacha bila dawa. Tuanze na dozi kubwa." Akaandika kwenye faili, akaweka sahihi. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Ningekuwa mimi ningeandika vilevile. Muuguzi mwenzangu akaanza kuchanganya kwinini kwenye dripu.

Mimi nilikuwa na kanuni yangu ambayo kila aliyefanya kazi chini yangu aliijua na wengi waliicheka. Mgonjwa wa boti hapandi kwenye shuka langu kabla hajanawishwa miguu. Boti za kule zinabeba dagaa, mafuta ya injini na maji machafu, na vidonda vya watoto wengi nimeviona vikianzia kwenye shuka lililochafuka. Nilivuta beseni na sabuni.

"Sista, miguu baadaye," daktari akasema.

"Dripu bado inachanganywa, daktari. Ni dakika moja."

Nikafungua blanketi upande wa chini. Miguu ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kanga na juu yake mfuko wa nailoni, jambo ambalo sikulielewa. Nikaufungua. Unyayo wa kulia ulikuwa na rangi ya bluu. Nikadhani ni kanga imechuja. Nikasugua kwa kitambaa chenye sabuni, haikutoka. Nikasugua tena kwa nguvu zaidi, na mkono wangu wa kushoto, naapa, ulikuwa umeshaelekea kwenye chupa ya spiriti. Hapo ndipo nikaona kwamba ile bluu ina mistari.

Niliinama. Ziliandikwa herufi kubwa, zimekatika pale peni ilipogoma na kurudiwa juu yake, zikifuata mkunjo wa unyayo: KWININI DOZI KUBWA SAA 11 ALF. Nikashika mguu wa pili. KILO 14. DEGEDEGE MARA 2. Na chini kabisa, karibu na kisigino, herufi mbili za jina: N.M.

Nikasema, "Acheni dripu. Ameshapewa."

Daktari akaja, akainama, akasoma mguu mmoja baada ya mwingine kama anayesoma faili, kisha akasoma tena. Akachukua karatasi yake, akafuta agizo lake kwa mstari mmoja, akaandika jipya: maji ya sukari, na dozi ndogo ya kwinini saa saba mchana, zikiwa zimepita saa nane tangu ile ya kisiwani. Yule mwenzangu aliyekuwa anachanganya dawa aliiweka chini taratibu, akaegemea ukuta.

Nikamuuliza kijana, "Nani alimfunga miguu hivi?"

"Yule nesi mfupi. Aliniambia nihakikishe miguu haipati maji hata kama mimi nazama. Nikadhani anaogopa baridi."

Magesa alifumbua macho kesho yake jioni. Siku ya tatu alikaa kitandani akaomba samaki, na alipoletewa uji akauangalia kwa dharau kubwa. Maandishi yalikuwa bado yapo unyayoni, yamefifia. Hakuna muuguzi aliyeyagusa, nami sikumwagiza yeyote ayaache; kila aliyemwogesha alimwogesha mpaka kwenye kifundo cha mguu akaishia hapo.

Nyamizi alikuja mjini majuma kadhaa baadaye kuchukua chanjo, amebeba sanduku la barafu begani. Alipita wodini kusalimia. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua atapokewaje, na mikono yake ilikuwa nyuma. Nikamvuta ndani, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwambia mtoto amepona na amerudi kwao.

"Walimleta nimwone, sista," akasema. "Ananikimbia sasa. Anadhani nitamwandika tena."

Tukacheka. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. "Kwa nini hukuandika kwenye karatasi ya pili kwa peni yako, ukampa yule kijana?"

"Kuandika rufaa ni kazi ya mganga, sista. Mimi ni msaidizi. Nilimwambia wino utalowa, akasema ameshaandika rufaa miaka ishirini. Nikamwachia barua yake. Habari za mguu hakuniuliza."

"Na kwa nini mguu? Mazoea yako ni kiganja."

Aliinamisha uso kidogo. "Kiganja chenye homa kinatoa jasho, kingefutika. Halafu nilifikiria, akifika pale nani atamwona, na ataanzia wapi. Wewe mtu wa boti humgusi popote kabla ya miguu. Na waliofundishwa na wewe ndivyo wanavyofanya. Nikasema nikiandika pale, lazima sista ayaone."

Nilikuwa nimemfuta kiganja kwa spiriti mbele ya watu, naye alfajiri ile, akiwa na mtoto anayekufa mikononi, akawaza mikono yangu itaanzia wapi, akaiamini. Nilimwomba radhi kwa siku ile. Akasema yamepita. Nikamwambia asante, na nilipolitamka ndipo nikagundua kwamba kwa miaka yote miwili aliyokuwa chini yangu sikuwa nimewahi kumwambia neno hilo.